Wanafunzi wote wanne wanasoma 26: kosa liko mkononi au kwenye ndoo?

SWALI: Ninafundisha kemia katika sekondari ya serikali wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka huu tulipeleka wanafunzi wanne wa kidato cha tano na sita kwenye shindano la kitaifa la kemia. Darasani ni watoto wa daraja la kwanza, na kwenye karatasi ya nadharia walijitahidi. Kwenye vitendo waliporomoka. Titresheni, yaani kupima kwa bureti ni asidi kiasi gani inamaliza besi, zilitawanyika (mmoja alisoma 24.60, 25.10 na 25.50 cm³), na kwenye kutambua miyeyusho isiyo na lebo walichanganya mirija miwili. Tuliporudi shuleni niliwapa zoezi lile lile, 25 cm³ za sodiamu kaboneti 0.05 M (moli 0.05 kwa lita) kwa asidi ya haidrokloriki 0.1 M, na safari hii wote wanne walipata karibu 26.0 badala ya 25.0. Nina bureti sita, mizani moja inayosoma hadi gramu 0.01 na maji ya kisima. Oveni sina. Zimebaki wiki kumi na mbili kabla ya mchujo mwingine. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, umetaja maradhi mawili tofauti, na ukiyatibu kwa dawa moja utamaliza wiki zako zote bila nafuu. Yule aliyesoma 24.60, 25.10 na 25.50 ana tatizo la mkono. Wastani wake ni 25.07, karibu kabisa na jibu, lakini ni wastani wa bahati. Kesho utakuwa 24.7. Ile 26.0 waliyoipata wote wanne kwa pamoja si tatizo la mkono hata kidogo. Watu wanne wakikosea kwa mkono, kila mmoja hukosea upande wake. Wakikubaliana wote kwenye namba isiyo sahihi, kilichokosea ni kitu wanachokitumia kwa pamoja: maji, chupa ya asidi, au mizani. Mtoto anayeweza kuyatenga makosa haya mawili kwa kutazama tu jedwali lake la vipimo ameshawapita wengi atakaoshindana nao.

Tuanze na ile 26, maana inawasumbua walimu wengi wa kanda ya kati.

Ndoo ya maji

Unaufahamu ule ukoko mweupe unaoota ndani ya birika la chai. Ni kalisiamu kaboneti, na imetokana na bikaboneti iliyoyeyuka katika maji magumu ya kisima. Bikaboneti ni besi. Asidi inayotoka kwenye bureti haijui kama imekutana na kaboneti uliyoipima kwenye mizani au na bikaboneti iliyokuja na ndoo. Inazimaliza zote mbili.

Piga hesabu. Chukulia maji yako yana ualkali (kiasi cha besi ndani yake) wa miligramu 200 kwa lita, ukihesabiwa kama kalisiamu kaboneti, kiasi ambacho si cha ajabu kwa kisima. Gawa kwa 50 (gramu 100 za kalisiamu kaboneti, moli moja, humaliza moli mbili za asidi), unapata besi ya kumaliza milimoli 4 za asidi kwa kila lita. Ukitengeneza 250 cm³ za sodiamu kaboneti 0.05 M kwa maji hayo, kaboneti yenyewe inahitaji milimoli 25 za asidi, na maji yameongeza milimoli 1 juu yake. Kwa kila 25 cm³ zinazopimwa kwa pipeti, asidi ya ziada ni 1.0 cm³. Ndiyo hiyo 26.0. Kama hata asidi uliizimua kwa maji hayo hayo, nayo imeshashuka kutoka 0.100 hadi 0.096 M, na bureti ingesoma karibu 27.1. Kwa hiyo ama asidi yako ilitengenezwa kwa maji safi na kaboneti kwa maji ya kisima, ama maji yana ualkali nusu ya huo na uliyatumia kwenye chupa zote mbili. Hesabu ya pili nayo inaangukia 26.0, waachie wanafunzi waithibitishe wenyewe.

Usikisie lipi ni lipi. Pima 100 cm³ za maji ya kisima, tia matone mawili ya methili oranji (kiashiria chenye rangi ya njano kwenye besi na waridi kwenye asidi), kisha ongeza asidi ya 0.1 M kutoka kwenye bureti hadi rangi ya chungwa. Kila 1 cm³ inayotumika ni milimoli 1 ya besi kwa lita. Ikitumika 4 cm³ au 2 cm³, mwizi umemkamata. Isipofika hata 0.2 cm³, maji hayana hatia, geukia chupa ya asidi. Asidi ya haidrokloriki kali ya asilimia 36 ina karibu mola 11.6, ndiyo maana vitabu vinasema uchukue 8.6 cm³ kwa lita moja ya 0.1 M. Lakini chupa iliyofunguliwa mara nyingi kwenye joto la Dodoma imekuwa ikitoa mvuke kila inapofunguliwa, na nguvu yake si ile ya kwenye lebo. Asidi ya 0.096 M inayodhaniwa kuwa 0.100 M nayo itakusomea 26.0 bila maji kuhusika kabisa. Hapo isanifishe, yaani pima nguvu yake halisi, kwa kaboneti safi, njia yake iko mbele kidogo, kisha andika mola halisi na tarehe kwenye chupa.

Maji ya kufanyia kazi utapata wapi? Maji ya chupa ya kunywa hayafai. Ni salama kwa tumbo lakini yana madini, na mengine huongezewa madini makusudi. Maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri ya gari, yanafaa ukiyapima kwanza kwa njia ile ya methili oranji. Hapa uwe mkali: dukani watu huita «maji ya betri» vitu viwili, na cha pili ni asidi ya salfuriki ya karibu mola 4.5. Soma lebo mwenyewe, usimtume mwanafunzi. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yanavyosifiwa, ila Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu. Acha nusu saa ya kwanza ioshe hewa na vumbi, kinga kwa turubai safi ya plastiki (bati na mfereji wake vina vumbi la miezi minane), chemsha dakika kumi kufukuza kaboni dayoksaidi, poza ukiwa umefunika. Kikao kimoja cha wanafunzi wanne kinakula lita tatu hadi nne, pamoja na kusuuzia. Vyombo oshea maji ya kisima kama kawaida, kisha suuza mara tatu kwa maji safi kidogo kidogo, 10 cm³ kila mara. Mara tatu za 10 cm³ husafisha vizuri kuliko mara moja ya 30.

Maji hayo hayo huharibu na kutambua chumvi. Kisima chenye kloraidi hutoa mashapo meupe kwa silva naitreti hata kama ndani ya mrija hakuna kitu, na chenye salfeti hufanya vivyo hivyo kwa bariamu kloraidi. Mwanafunzi anaandika «kloraidi ipo», na kweli ipo. Imetoka bombani.

Mkono

Sasa mtawanyiko. Kabla ya kumlaumu mtoto kwa bureti, mjaribu kwa pipeti, kwa sababu pipeti ndiyo inayoficha makosa. Weka chupa koni tupu, kavu kwa nje, juu ya mizani. Mwanafunzi aingize 25 cm³ za maji kwa pipeti, apime uzito, amwage, arudie mara tano. Kwenye joto la sentigredi 25, ujazo huo una uzito wa karibu gramu 24.90. Namba yenyewe isikutishe ikiwa 24.85 au 24.95, kwa sababu pipeti ya daraja B inaruhusiwa kupotoka 0.06 cm³. Angalia tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo. Ikiwa ndani ya gramu 0.05, mkono umetulia. Ikifika 0.15, hakuna hesabu ya baadaye itakayomwokoa.

Wanakosea wapi? Wengi hupuliza tone la mwisho. Pipeti imepimwa kiwandani na tone hilo likibaki ndani. Gusisha ncha kwenye ukuta wa chupa, hesabu hadi tatu, ondoa. Wengine hawapangusi ncha kwa nje kabla ya kushusha hadi kwenye alama, na tone linaloning'inia nje huhamia kwenye chupa. Wengine husoma alama wakiwa wameinua pipeti juu ya jicho. Tena, pipeti isuuzwe kwa myeyusho utakaopimwa, lakini chupa koni isuuzwe kwa maji safi peke yake. Hilo la mwisho kila kidato cha nne analisema, halafu kwenye shindano, kwa haraka, anasuuza chupa kwa kaboneti na kubaki na nusu sentimita ya ziada asiyoijua.

Kwenye bureti, faneli iondolewe kabla ya kusoma. Tone linaloanguka katikati ya kazi ni 0.05 cm³. Povu la hewa chini ya koki likitoka katikati ya titresheni linahesabika kama asidi, na linaweza kuwa 0.3 cm³ au zaidi. Soma hadi 0.05, uandike nafasi mbili za desimali daima: 24.00, si 24. Permanganeti ya potasiamu ina rangi nzito, kwa hiyo soma ukingo wa juu wa kimiminika, mwanzo na mwisho vilevile.

Rangi ya mwisho ya methili oranji huwagawa wanafunzi kuliko kitu kingine. Mmoja anasimama kwenye njano iliyochafuka, mwenzake anasubiri waridi. Waandalie chupa mbili za kulinganishia, kila moja na 50 cm³ za maji safi na matone mawili ya kiashiria: moja iachwe njano, nyingine iongezwe asidi hadi iwe nyekundu ya waridi. Wanachotafuta ni rangi ya chungwa iliyo katikati ya hizo, juu ya karatasi nyeupe, na idadi ya matone ya kiashiria iwe ile ile kila mara. Karibu na mwisho waache matone mazima. Nusu tone huachwa lining'inie kwenye ncha, likaguswa ukutani, likasuuzwa kwa maji safi.

Titresheni mbili zikikubaliana ndani ya 0.10, simama. Watoto wa Kongwa hawana tofauti na wa kwingine katika tabia moja: wanaona aibu kuandika 24.95 na 25.05, wanaandika 25.00 mara tatu. Msahihishaji aliyewahi kushika bureti anajua hilo limetoka wapi.

Kaboneti safi bila oveni

Sodiamu kaboneti ya kopo lililokaa wazi imenyonya unyevu na haifai kusanifishia. Tengeneza yako kutokana na sodiamu bikaboneti, ile ya kuokea keki. Hakikisha ni bikaboneti tupu, kwa kuwa poda ya kuumulia ina asidi na wanga ndani yake. Weka gramu 10.00 kwenye bakuli la kaure au sufuria ndogo ya chuma cha pua. Sufuria ya alumini usiiguse. Kaboneti ya moto inaila. Pasha juu ya jiko la gesi, ukikoroga kwa fimbo ya kioo, dakika ishirini. Utaona unga «unachemka» kama uji mkavu, maana mvuke na kaboni dayoksaidi vinapenya kutoka chini. Ukitulia, poza ndani ya chombo kilichofunikwa, pima, pasha tena dakika kumi na tano, pima. Vipimo viwili vikitofautiana kwa 0.01 tu, kazi imekwisha.

Kwa moli: gramu 168 za bikaboneti (moli mbili) hubaki gramu 106 za kaboneti (moli moja). Gramu 10.00 zibaki 6.31. Ukibaki na 6.6, bado hujamaliza. Ukibaki na 6.2, bikaboneti yako ilikuwa na unyevu tangu mwanzo, na hilo halina madhara kwa sababu kilichobaki ni kaboneti ile ile.

Kuhusu mizani ya 0.01: kwa 250 cm³ za 0.05 M unahitaji gramu 1.325, na shaka ya 0.005 kwenye uzito huo ni karibu asilimia 0.4, yaani 0.1 cm³ kwenye bureti. Tengeneza lita nzima kwa gramu 5.30, mgawane, na shaka inashuka hadi asilimia 0.1. Ni ujanja wa maskini, lakini hata maabara tajiri hufanya hivyo.

Magadi ya Majengo kama swali la shindano

Badala ya kurudia swali lile lile la darasani, nunua magadi ya kuchemshia maharage, yale mabonge ya kijivu yanayouzwa sokoni Majengo na kila genge. Hili ni zoezi la kiwango cha mashindano na linagharimu shilingi mia chache.

Saga, pima gramu 2.00, yeyusha kwenye maji safi, chuja mchanga, jaza hadi 250 cm³. Chukua 25 cm³, tia fenoftalini (kiashiria cha waridi kwenye besi), ongeza asidi 0.100 M hadi waridi ipotee. Usimwage, tia methili oranji kwenye chupa hiyo hiyo, endelea hadi rangi ya chungwa. Tuseme bureti ilisoma 8.00 mwisho wa kwanza na 24.00 mwisho wa pili, zote zikihesabiwa kutoka sifuri. Hatua ya kwanza kaboneti imegeuka bikaboneti: milimoli 0.800 za kaboneti. Hatua ya pili imetumia 16.00, lakini 8.00 kati ya hizo ni za bikaboneti iliyozaliwa hatua ya kwanza. Bikaboneti ya asili ni milimoli 0.800. Uwiano ni 1:1.

Uwiano huo ndio utamu wa swali. Magadi ghafi ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, uzito wa moli 226. Milimoli 0.800 kwenye 25 cm³ ni 8.00 kwenye chupa nzima, gramu 1.81, kwa hiyo sampuli ina trona asilimia 90 na zinazobaki ni chumvi nyingine na taka. Mwanafunzi aliyefika hapo mwenyewe, bila kuambiwa fomula, ameshajibu aina ya swali linalowatenga washindi na washiriki.

Halafu muulize kwa nini mwenzake amepata 9.2 mwisho wa kwanza lakini 24.0 ile ile mwisho wa pili. Huyo alimwaga asidi kwa kasi. Pale asidi ilipotua, kabla ya kuchanganyika, ilizidi kaboneti iliyokuwa karibu na kutoa kaboni dayoksaidi iliyotoroka, kwa hiyo ilihitajika asidi zaidi kufuta waridi. Jumla haikubadilika, mgawanyo ndio ulioharibika: kaboneti inaonekana nyingi, bikaboneti kidogo. Dawa ni kushusha asidi tone kwa tone huku chupa ikizungushwa, ncha ya bureti ikiwa karibu na kimiminika.

Mirija isiyo na lebo

Mirija miwili iliyochanganywa, mwalimu, mara nyingi haitokani na kutojua kemia. Inatokana na kutopanga jedwali kabla ya kumwaga tone la kwanza. Anza na mirija minne: asidi ya haidrokloriki 1 M, sodiamu kaboneti, bariamu kloraidi na sodiamu salfeti za 0.1 hadi 0.5 M, zote angavu kama maji, bila kitendanishi kingine chochote. Jozi ni sita tu. Wachore jedwali la matarajio kwanza. Asidi inatoa povu mara moja na mashapo sifuri. Kaboneti povu mara moja, mashapo mara moja. Bariamu mashapo mara mbili. Salfeti mashapo mara moja bila povu. Hakuna mrija unaofanana na mwingine, basi kitendawili kina jibu moja. Kuthibitisha, dondosha asidi kwenye mashapo mawili: ya kaboneti yanayeyuka kwa povu, ya salfeti yanabaki kama yalivyo.

Mtego uko kwenye mpangilio wa kumwaga. Ukidondosha matone mawili ya asidi kwenye sentimita mbili za kaboneti, huoni povu. Asidi hiyo kidogo inageuza kaboneti kuwa bikaboneti na kuishia hapo. Mwanafunzi anaandika «hakuna badiliko», jedwali lote linapinda, na mirija miwili inabadilishana majina. Naamini kabisa hicho ndicho kilichowapata wako. Kanuni: matone kumi kwa kumi, halafu rudia ukigeuza, la pili kwenye la kwanza, na subiri sekunde thelathini kabla ya kuandika. Wakishazoea minne, panda hadi saba. Hapo jozi ni 21, na yule asiye na jedwali atamaliza muda akiwa kwenye ya kumi na mbili. Bariamu ni sumu. Masalia yote yamwagwe kwenye chombo chenye sodiamu salfeti, yasiende sinki.

Nadharia kwa kifupi

Umesema nadharia walijitahidi, basi nitagusa moja tu: vizio. Chukua kuungua kwa chokaa. Kuvunja moli moja ya kalisiamu kaboneti kunahitaji kilojuli 178.3, na badiliko la entropia ni juli 160.5 kwa kelvini. Gawa ukiwa umesahau kugeuza kilojuli, unapata kelvini 1.11, yaani mawe ya chokaa yangekuwa yamevunjika yenyewe tangu dunia iumbwe. Jibu sahihi ni kelvini 1,111, karibu sentigredi 838. Mfundishe kila jibu aliulize: je, lingewezekana?

Na jasi ya Itigi ni zawadi mlangoni mwenu kwa maswali ya maji ya kioo, yaani maji yaliyofungwa ndani ya fuwele za chumvi. Gramu 5.00 za jasi safi zikipoteza 0.78 zimefika plasta, CaSO₄·½H₂O, zikipoteza 1.05 zimekauka kabisa. Mpe sampuli iliyopoteza 0.90 bila maelezo, umwache aumie nayo. Ni mchanganyiko wa hizo mbili, na uwiano wake unahesabika.

Wiki zenyewe

Wiki ya kwanza usifundishe chochote. Pima maji, sanifisha asidi, andaa kaboneti, kagua bureti zote sita kwa kuvuja: jaza, funga, acha dakika kumi, soma tena. Inayovuja zaidi ya 0.05 paka koki grisi kidogo au uitenge.

Wiki ya pili fanya mchujo wa ndani, na usichukue wanne wa juu wa mtihani wa darasa moja kwa moja. Chukua wanane, uwape pipeti na mizani, kisha mirija minne kwa dakika thelathini. Mara nyingi anatokea mtoto wa nafasi ya tano au ya sita ambaye mkono wake hautetemeki. Mchukue.

Tatu hadi nane, Jumamosi mbili za vitendo kwa moja ya nadharia. Uwiano huo una sababu. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Kemia, iliyoanzia Prague mwaka 1968 na ambayo mashindano mengi huiga muundo wake, timu ni ya wanafunzi wanne, karatasi ni mbili za saa tano kila moja, na vitendo hubeba alama 40 kati ya 100. Watoto wetu huvipa vitendo muda kidogo kuliko hizo 40. Wenyeji wa olimpiadi hutoa kila mwaka maswali ya maandalizi miezi kadhaa kabla, yanapatikana bure mtandaoni. Mengi yanavuka mtaala wa kidato cha sita, kwa hiyo chagua ya ulinganifu wa kemikali, asidi na besi, redoksi na mwendo wa mmenyuko, uyaache ya fizikia ya kwanta kwa atakayeyapenda.

Kwenye mwendo wa mmenyuko, ule wa thiosalfeti na asidi unaopimwa kwa muda hadi msalaba uliochorwa kwenye karatasi chini ya chupa usionekane tena, kumbuka maabara yako saa mbili asubuhi na saa nane mchana si chumba kimoja. Tofauti ya nyuzi kumi huongeza kasi karibu mara mbili. Kipimajoto kiwe ndani ya chupa, si ukutani, na jumla ya ujazo isibadilike wanapopunguza thiosalfeti. Pengo lijazwe kwa maji. Madirisha yawe wazi, gesi inayotoka hubana kifua cha mwenye pumu.

Tisa hadi kumi na moja, mazoezi kwa saa, kimya, kwa vyombo vichache kama vya siku yenyewe. Kila mmoja awe na daftari la makosa lenye safu tatu: nilichoandika, jibu, na kama kosa lilikuwa la kujua, la mkono au la haraka. Utashangaa safu ya «haraka» inavyojaa. Wiki ya mwisho, titresheni moja nyepesi kila siku, basi.

Siku ya shindano wasiguse kitu dakika kumi za kwanza. Wasome karatasi yote, wapige mstari chini ya kila kizio, wachore majedwali matupu ya bureti na ya mirija. Kisha, kabla ya pipeti ya kwanza, wachukue 25 cm³ za maji waliyopewa pale mezani, tone la methili oranji, na matone ya asidi waliyopewa. Rangi ikigeuka kwenye tone la kwanza, waendelee. Isipogeuka hadi la tatu, wanyooshe mkono wamwambie msimamizi, na waandike kwenye karatasi kwamba wamepima.